Siku mbili za matembezi mjini pamoja na vijana wetu

Likizo kubwa ikifika, nyumba nyingi za Kisangani zinakutana na shida moja. Wadogo wanacheza uani na siku inapita. Lakini kijana wa miaka 14 au 16 haridhiki tena na uani. Anataka kutoka, aone watu, aonekane. Mama asipomfungulia njia, ataipata mwenyewe, pengine pamoja na marafiki ambao mama hawajui.

Safari ya mbali inahitaji pesa nyingi. Siku mbili za matembezi hapa hapa mjini zinawezekana, na zinawezekana pia kwa familia zinazokuja kutoka Yangambi, Isangi, Banalia au Ubundu. Tusidhani kwamba aliyezaliwa Kisangani anaijua Kisangani. Wako vijana wanaojua njia ya shule, njia ya soko na njia ya kanisa tu. Mgeni akiwauliza habari za mji wao, wanamtuma kwa wazee.

Kwanza, kaeni chini pamoja

Kijana akipangiwa kila kitu, atafuata nyuma huku amenuna. Akipewa kazi, atatembea mbele. Kwa hiyo wiki mbili kabla ya safari, mkalishe na umpe neno. Mmoja awe mweka hazina: ashike daftari na aandike kila franga inayotoka. Mwingine ashike njia: aulize bei za toleka na teksi-moto, apime muda wa kutoka sehemu moja hadi nyingine. Wa tatu ashughulikie chakula na maji.

Mama anabaki na mambo matatu ambayo hayajadiliwi: saa ya kurudi, usalama wa majini, na kiasi cha pesa. Mengine yote waachie wachague. Wakisema hawataki kuona sehemu fulani, waulize wanataka nini badala yake. Mara nyingi jibu lao si baya.

Pesa: andika kabla ya kutoka

Chora safu nne kwenye daftari: usafiri, chakula, malipo ya kuingia na waongozaji, na akiba ya dharura. Akiba hiyo haiguswi kwa soda wala kwa picha. Ni ya moto inayoharibika njiani, ya mvua, au ya mtoto anayepata homa.

Wanaocheza likelemba wanaweza kutenga fungu dogo la likizo tangu mwezi wa tatu. Haba na haba hujaza kibaba. Kikundi cha familia nne au tano kikitoka pamoja, mtumbwi na mwongozaji vinalipwa mara moja na mzigo unagawanywa. Faida nyingine ni macho: wamama watano wanaona zaidi kuliko mmoja.

Bei ipatane kabla ya kupanda au kuingia, si baada. Mwachie kijana azungumze bei huku wewe ukisimama karibu. Ni somo ambalo shule haimpi.

Siku ya kwanza: mto na mji

Anzeni asubuhi kwa Wagenia, kabla jua halijawa kali. Maporomoko ya Boyoma ni saba, yametandazwa kwenye mto kwa umbali wa karibu kilometa 100 kati ya Ubundu na hapa kwetu, na yale ya Wagenia ndiyo ya mwisho. Wavuvi wanasimamisha miti mikubwa kwenye mashimo ya mwamba, wanaifunga, kisha wananing'iniza vikapu virefu vyenye umbo la pembe katikati ya maji yanayokimbia. Nguvu ya maji inamsukuma samaki ndani na hawezi kurudi. Mwambie kijana anayependa hesabu au fizikia aeleze kwa nini kikapu hakichukuliwi na maji. Kisha amuulize mvuvi. Atasikia jibu la mtu aliyelipokea kwa baba na babu.

Hapo ni kijiji cha watu na mahali pao pa kazi. Salimieni kwanza, mwoneni mkubwa wa pale, ombeni ruhusa kabla ya kupiga picha. Kijana asiinue simu usoni mwa mtu kama vile anapiga picha ya mti.

Mchana, kuleni lituma na samaki kwa mama anayepika kando ya njia, mahali ambapo chakula bado kinatoka moto kwenye sufuria. Halafu tembeeni polepole kandokando ya mto hadi kanisa kuu la Notre-Dame du Rosaire na katikati ya komini ya Makiso.

Huko mjini kuna hadithi za kuwapa. Kituo cha wazungu kilianzishwa hapa na Stanley mwaka 1883. Mwaka 1887 Tippu Tip, mfanyabiashara wa Zanzibar, alifanywa gavana wa Stanley Falls. Watu wake, waliokuja na misafara ya pembe za ndovu na watumwa, ndio pia walioleta Kiswahili tunachokisema leo. Vijana wetu wanaochanganya Kiswahili na Lingala katika sentensi moja wanapaswa kujua kwamba lugha hizo mbili zilikutana hapa kwa sababu ya mto, biashara na mateso ya watu. Jina la Stanleyville lilidumu hadi 1966, mji ulipoitwa rasmi Kisangani.

Waambieni pia kwamba Patrice Lumumba alikuwa karani wa posta katika mji huu. Alikuwa kijana aliyesoma kwa bidii usiku, akaandika kwenye magazeti, akawa waziri mkuu wa kwanza wa nchi mwaka 1960, na akauawa tarehe 17 Januari 1961. Mwaka 2022, mabaki yake yaliporudishwa kutoka Ubelgiji, yalipitishwa Kisangani kabla ya kuzikwa Kinshasa. Kijana anayedhani kwamba mambo makubwa yanatoka Kinshasa tu ataanza kuangalia barabara za mji wake kwa jicho lingine.

Jioni: habari ya siku sita

Kuna jambo moja ambalo wengi wetu hatuwaambii watoto. Kuanzia tarehe 5 hadi 10 Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana ndani ya mji wetu. Mabomu yalianguka juu ya nyumba, shule na makanisa. Mamia ya raia walikufa, na wengine wengi walibaki na vilema. Wengi wetu tulikuwa wasichana wakati ule, tumelala chini ya vitanda bila maji wala chakula. Mwaka 2022, tarehe 9 Februari, Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamua kwamba Uganda ilipe Kongo dola milioni 325 kwa madhara ya vita vile vya miaka ya 1998 hadi 2003.

Vijana wetu wamezaliwa baadaye. Wanasikia watu wakizungumza juu ya fidia redioni na hawaelewi ni fidia ya nini. Wanaona mama akishtuka kwa mlio wa radi na wanacheka. Jioni ya siku ya kwanza, miguu ikiwa imechoka na tumbo limeshiba, ni wakati mzuri wa kuwaambia.

Si lazima useme yote. Sema ulikuwa wapi, nani alikupa maji, mlitoka lini nje, nini kilibaki cha nyumba. Usiongeze chumvi, na usiwape chuki dhidi ya jirani yeyote kwa sababu ya lugha au sura yake; waliopigana walikuwa majeshi, na kijana lazima aelewe tofauti hiyo. Kama moyo wako bado haujawa tayari, mwombe shangazi, bibi au mama mwingine wa kikundi azungumze huku wewe ukisikiliza. Kisha mwache kijana aulize. Akinyamaza, usimlazimishe. Pengine swali lake litakuja baada ya wiki, jikoni.

Siku ya pili: Tshopo, chuo, au ng'ambo

Siku ya pili wachague wao. Wanaopenda maji na mashine waende kwenye daraja la mto Tshopo, karibu na bwawa linalozalisha umeme wa mji. Hapo wataelewa kwa nini umeme ukikatika tunalitaja jina la Tshopo. Kuangalia kunatosha. Kuogelea hapana, hata kama wapo watoto wengine majini.

Mwenye kijana anayekaribia mtihani wa dola ampeleke kuona Chuo Kikuu cha Kisangani, kilichoanzishwa mwaka 1963. Tembeeni uani, mwoneni mwanafunzi mmoja mnayemfahamu, mumuulize anaamka saa ngapi, analipa nini, anakula nini. Msichana aliyeambiwa kwamba chuo si cha wasichana anahitaji kuwaona kwa macho yake wasichana wakitoka darasani na madaftari mkononi.

Wengine watapenda kuvuka kwenda Lubunga, ng'ambo ya mto, ambako reli ya kwenda Ubundu inaanzia. Reli hiyo ya kilometa 125 ilimalizwa mwaka 1906 ili kuyaepa maporomoko, kwa kuwa boti haziwezi kuyapita. Tangu mwaka 2023 upande huo umeonja uchungu wa mgogoro kati ya jamii za Wambole na Walengola, na familia nyingi zililazimika kukimbia. Kabla ya kuvuka, uliza hali kwa mtu anayekaa kule, siku ile ile. Akisita, badilisheni mpango bila majadiliano. Mto hautahama.

Usalama: mambo ya kukariri

Mtumbwi uliojaa hatupandi, hata kama tumechelewa. Jaketi la kuokolea livaliwe na kufungwa, si kukaliwa. Tuvuke mchana, na mawingu meusi yakikusanyika tubaki nchi kavu. Wanaokuja na balenieri kutoka Yangambi au Isangi wapange kufika jua likiwa bado juu.

Kwenye teksi-moto, kijana mmoja kwa moto moja. Kila mtoto awe na kadi ya shule, na karatasi yenye namba mbili za simu mfukoni, maana simu inaweza kuzimika au kuibwa. Chagueni mahali pa kukutana mkipotezana.

Beba maji ya kunywa, dawa ya homa, na chandarua mkilala nje ya nyumba. Kwa wasichana, weka pedi au vitambaa safi kwenye mfuko mdogo hata kama siku zake bado, naye ajue vipo. Msichana asiyejua ataomba nini na kwa nani, safari yake inaharibika kimya kimya.

Kwa kulala, ndugu ni bora kuliko hoteli, mradi mwenye nyumba aulizwe mapema na msifike mikono mitupu. Wasio na ndugu waulize nyumba za wageni za parokia au za masista. Wavulana na wasichana walale mbalimbali, na mama mmoja awe karibu na kila kundi.

Saa moja ya uhuru

Katika siku hizo mbili, wapeni saa moja peke yao. Wawe wawili wawili, mchana, katika eneo mlilokubaliana, kwa mfano soko kuu, na kiasi kidogo cha pesa. Warudi kwa saa iliyowekwa, na kila jozi ieleze imetumia nini. Saa hiyo itakutoa jasho kuliko wao. Lakini kijana atakayekwenda kesho kusoma mjini mwingine, au kuolewa, au kutafuta kazi, anahitaji kujizoeza akiwa bado na mama wa kumngoja kwenye kona. Akichelewa dakika kumi, msikilize kwanza kabla ya kugomba. Akirudi kwa wakati, mwambie umeona.

Mkifika nyumbani, mweka hazina asome daftari mbele ya wote: kilichopangwa, kilichotumika, kilichobaki. Kilichobaki kiingie kwenye kisanduku cha likizo ijayo, hata kama ni franga chache. Muulize kila mmoja angebadilisha nini, na mwandike. Kwa yule aliye mwaka wake wa mwisho nyumbani, muulize pia angependa kurudi wapi na mama yake kabla hajaondoka, kisha tafuteni siku.