Hofu Haina Makao Mamoja Ubongoni

Tumezoea kuambiwa kwamba hofu hukaa kwenye amigdala, vifundo viwili vidogo mfano wa lozi vilivyo ndani ya ubongo, kimoja kila upande. Dai hilo lina msingi. Mwanamke mmoja wa Marekani, anayetajwa na watafiti kwa herufi S.M. tu, alipoteza amigdala zote mbili kwa ugonjwa adimu wa kurithi. Alipopelekwa mbele ya nyoka na buibui hakuogopa. Lakini mwaka 2013, yeye na wagonjwa wengine wawili wenye madhara kama yake walivutishwa hewa yenye asilimia 35 ya kaboni dayoksaidi. Wote watatu walishikwa na kiwewe. Kumbe hofu ilikuwa na njia nyingine ya kupita.

Hapo ndipo hoja yangu ilipo: hisia huzaliwa katika mawasiliano ya sehemu nyingi za ubongo. Utafiti wa Joseph LeDoux juu ya panya ulionyesha kwamba sauti ya kutisha hufika kwenye amigdala kwa njia mbili. Ya mkato hutoka kwenye thalamasi, kituo cha kupokelea habari za milango ya fahamu. Huwahi, ila haina undani. Ndefu hupitia kwanza gamba la ubongo, linalopambanua kilichosikika. Zipo pia habari zinazorudi kutoka sehemu ya mbele ya ubongo kwenda kuituliza amigdala. Panya walioharibiwa eneo fulani la sehemu hiyo ya mbele huweza kufundishwa kwamba mlio waliouogopa hauna madhara tena, lakini kesho yake huuogopa upya.

Mwenye shaka atasema kwamba picha za ubongo huonyesha tu sehemu zinazofanya kazi kwa wakati mmoja, wala hazithibitishi kwamba zinawasiliana. Ni kweli, picha peke yake hazitoshi. Ndiyo maana ushahidi wa majeraha una uzito: ukiharibu upande mmoja wa mawasiliano, mwenendo wa kiumbe mzima hubadilika. Tena jambo hili lina faida kwa mgonjwa. Tiba ya woga uliopitiliza, inayomkutanisha mtu hatua kwa hatua na anachokiogopa, haifuti kumbukumbu ya zamani. Hujenga mafunzo mapya yanayoizuia. Kwa hiyo woga ukirejea baada ya tiba, mgonjwa asidhani amerudi mwanzo. Mafunzo yale yanahitaji kurudiwa, hata mahali pengine tofauti na pale alipotibiwa.