NYUZI ZA UDI: TUZICHAGUE KWA KIPIMO

Neno udi lina maana mbili majumbani mwetu. Upo udi wa kufukiza, na ipo udi ya kupigwa; na yote mawili asili yake ni neno la Kiarabu lenye maana ya ubao. Makala haya yanahusu hiyo ya pili. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, sauti ya udi ilikuwa miongoni mwa zilizomsindikiza. Leo zipo familia ughaibuni zilizorithi udi ya babu au ya mjomba, nayo imetundikwa ukutani, nyuzi zimekatika. Siku kijana akitaka kuipiga, huenda duka la magitaa akanunua nyuzi za chuma. Hapo ndipo hasara huanza.

Udi ni ala nyepesi. Unene wa ubao wake wa mbele ni kiasi cha milimita mbili tu, na juu yake limegandishwa daraja, yaani kile kijiti kinachoshika nyuzi zote. Nyuzi za chuma huvuta kwa nguvu isiyostahimiliwa na ubao huo: daraja hung'oka, au ubao hubonyea ukapasuka.

Kwanza, zihesabuni nyuzi. Udi iliyozoeleka ina nyuzi 11: jozi tano na uzi mnene mmoja ulio peke yake. Zipo pia zenye nyuzi 13. Zamani zilikuwa za utumbo wa wanyama na za hariri. Siku hizi zile nyembamba ni za nailoni, na zile nene ni nyuzi laini zilizozungushiwa waya wa shaba, aghalabu iliyopakwa fedha.

Pili, pimeni urefu wa uzi, tangu pale shingo inapokutana na kichwa hadi kwenye daraja. Udi ya Kiarabu hukaribia sentimita 61. Ya Kituruki hukaribia 58, nayo hupandishwa sauti zaidi, ndiyo maana nyuzi zake ni nyembamba. Nyuzi za Kituruki zikitiwa katika udi ya Kiarabu hulegea na kukoroma. Za Kiarabu zikitiwa katika udi ya Kituruki, kisha zikapandishwa Kituruki, huvuta daraja kupita kiasi. Mwelezeni muuzaji kipimo chenu pamoja na sauti mnazozitaka.

Tatu, msifanye haraka. Badilisheni uzi mmoja mmoja, na mzikaze taratibu kwa siku kadhaa. Ikiwa daraja limeanza kuinuka, mpelekeeni fundi kwanza. Na katika nchi za baridi, msiitundike karibu na chombo cha kupashia nyumba joto, kwani mbao hukauka zikapasuka.

Seti ya nyuzi hununuliwa tena. Udi aliyoishika marehemu mzee wetu hainunuliki. Na iwapo yupo mzee jirani ajuaye kuipiga, kijana na apelekwe kwake mapema, maadamu mzee yu hai.