Presha Ilianza Walipofika Nairobi

Daktari wa presha kwa kawaida hukutana na mgonjwa mambo yakiwa yamekwisha kuharibika. Mishipa imekakamaa, moyo umetanuka, na ukiuliza tatizo lilianza lini, mgonjwa hajui na mkewe hajui. Neil Poulter, mtafiti Mwingereza ambaye baadaye alikuwa profesa Imperial College London, alitaka kuikuta presha ikiwa bado changa. Akaitafuta Kenya.

Yeye na wenzake waliwafuatilia Wajaluo 325 waliohama vijiji vya ufuo wa kaskazini wa Ziwa Viktoria kwenda kuishi Nairobi. Waliwapima tena na tena, hadi miaka miwili. Lakini uzito wa utafiti ule, kwa maoni yangu, uko kwa watu 267 ambao hawakwenda kokote. Hao walibaki kijijini, nao wakapimwa vilevile. Presha ya mtu huweza kupanda kwa sababu umri umesogea, au kwa sababu anamwogopa mgeni mwenye mashine. Aliyebaki nyumbani naye anazeeka, naye anamwogopa mgeni. Anachokosa ni Nairobi tu. Basi tofauti inayojitokeza kati ya makundi hayo mawili, sehemu kubwa yake ni ya mji.

Na ilijitokeza mapema. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1990 yalionyesha kwamba wahamiaji walikuwa na presha ya juu kuliko wenzao wa kijijini muda mfupi tu baada ya kuhamia mjini. Uzito wao ulikuwa mkubwa zaidi, moyo ukidunda kwa kasi zaidi. Mkojo nao ulikuwa na la kusema: ikilinganishwa na potasiamu, sodiamu ilikuwa nyingi kuliko kwenye mkojo wa kijijini. Sodiamu ni ya chumvi. Potasiamu tunaipata kwenye maharage, ndizi, viazi na mboga za majani, na huisaidia figo kuitoa hiyo sodiamu. Kwa hiyo wanaodhani presha ya mjini ni malipo ya miaka ishirini ya nyama choma na bia wanachelewa sana kuanza kujihadhari.

Kujua chanzo, hata hivyo, hakumtibu mtu ambaye tayari yuko kwenye 160. Huyo anahitaji dawa, tena mara nyingi zaidi ya moja. Zipi? Kwa miaka mingi majibu kuhusu watu weusi yalitegemea sana tafiti za Marekani. Ndipo Dike Ojji wa Chuo Kikuu cha Abuja, Bongani Mayosi wa Cape Town na Poulter huyohuyo wakaendesha na wenzao jaribio lililoitwa CREOLE, lililochapishwa mwaka 2019. Wagonjwa 728 wa Nigeria, Kamerun, Kenya, Uganda, Msumbiji na Afrika Kusini waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi matatu. Dawa zenyewe ni za kawaida: amlodipini, perindoprili na haidroklorothiazaidi, ile ambayo wagonjwa huiita dawa ya kukojoa. Kila kundi lilipewa mbili kati ya hizo tatu.

Kipimo chao hakikuwa kile cha dakika mbili kwenye benchi la kliniki. Mgonjwa alifungwa mkanda mkononi na kurudi nao nyumbani. Kwa saa 24 ukawa unajaa hewa wenyewe na kumbana, akiwa sokoni na hata usingizini. Ni karaha, lakini huondoa ile presha inayopanda kwa sababu tu koti jeupe limeingia chumbani.

Baada ya miezi sita, makundi mawili yenye amlodipini yalikuwa yameshusha namba ya juu kwa takriban milimita 3 zaidi ya kundi la perindoprili na dawa ya kukojoa. Yenyewe kwa yenyewe hayakupishana. Milimita 3 ni kidogo kwa mtu mmoja, na hatazihisi. Kwa mamilioni ya watu ni viharusi vinavyozuilika, ingawa lazima niseme kwamba CREOLE ilipima presha, viharusi haikuvihesabu.

Namba zako zikiwa zimetulia kwa dawa unazotumia, utafiti huu haukuambii ubadilishe chochote. Zikiwa zimegoma na amlodipini haimo kwenye cheti chako, muulize daktari sababu. Inaweza kuwepo: amlodipini huvimbisha vifundo vya miguu, na wapo wasioivumilia. Perindoprili nayo huleta kikohozi kikavu kwa baadhi ya watu, na mjamzito hapaswi kuinywa kabisa, kwa hiyo mwanamke anayepanga kuzaa aseme mapema, kabla cheti hakijaandikwa.