Uingereza: Nafuu ya kodi kwa wajenzi wanaofanya utafiti

Nchini Uingereza, kampuni ya ujenzi ikijaribu mchanganyiko mpya wa zege na jaribio likashindwa, bado inaweza kudai nafuu ya kodi. Mpango huo ulianza mwaka 2000 kwa kampuni ndogo. Unauliza jambo moja: je, kulikuwa na tatizo la kiufundi ambalo mhandisi hodari hakuweza kulitatua kwa ujuzi uliokuwepo?

Kazi ngumu peke yake haitoshi, na hapo ndipo wengi wanakwama. Madalali huwapigia simu wakandarasi, wakiwaahidi pesa ili nao wakate asilimia yao. Dai likikataliwa baadaye, mkandarasi ndiye anayerudisha pesa pamoja na riba, pengine na faini. Dalali ameshakula.

Tangu Agosti 2023, kila dai lazima lije na fomu ya kueleza utafiti wenyewe. Mishahara ya wahandisi waliofanya majaribio huhesabiwa. Vifaa vina sharti lake: simenti iliyotupwa baada ya jaribio huhesabiwa, lakini ile iliyobaki ndani ya jengo lililouzwa haihesabiwi.