Siku 56, na telefone ikaonyesha 14

Mwaka jana ndugu mmoja alikuja ku biro yetu ya sindika na karatasi mbili mu mkono. Ya kwanza ilikuwa barua ya kuachishwa kazi. Miaka 6 mizima alikuwa dereva wa kamyo ya kubeba mawe, kontra ya bila mwisho, mu kampuni moja yenye kuchukua kazi chini ya kampuni kubwa ya mine. Karatasi ya pili ilikuwa hesabu yake ya mwisho, na sahihi yake chini, imeshakauka. Ku mustari wa « préavis », ni kusema zile siku mwajiri anapashwa kukupa ao kukulipa mbele kontra ikatike, waliandika siku 14.

Nikamuuliza: « Juu ya nini ulisaini mbele ya kutuona? »

« Delege, nilitafuta mu Google. Nilitafuta usiku mzima. »

Tuanze na sheria. Code du travail yetu ya tarehe 16 Oktoba 2002, artikle 64, inasema hivi: mwajiri akivunja kontra ya bila mwisho, préavis haiwezi kuwa chini ya siku 14 za kazi, na juu yake inaongezwa siku 7 za kazi kwa kila mwaka mzima wa kazi yenye haikukatika. Kwa mtu wa miaka 6, unatia 14, kisha 7 mara 6, ni 42. Jumla siku 56. Walimulipa robo.

Telefone yake ilikuwa ingali inachunga yote aliyotafuta, tukaifungua pamoja. Aliandika « préavis licenciement », basi. Ukurasa wa kwanza kuja ulikuwa wa Ufaransa. Kule, mtu mwenye miaka 2 na zaidi ku kazi anapata miezi 2. Akawaza: hayo ni mambo ya Wazungu, hayanihusu, akafunga. Kisha akaongeza neno « Congo ». Hapo ukaja ukurasa wenye kusema « préavis Congo, préavis RDC, préavis mine, préavis Kolwezi, préavis Lubumbashi », hivyo hivyo mpaka chini, bila hata hesabu moja. Ku mwisho, namba ya telefone ya mtu mwenye kuomba franga mbele ya kutoa shauri. Mega zikaisha. Asubui akasaini.

Na siye tulikuwa na ukurasa wetu mu intaneti, artikle 64 ndani yake, tangu miaka 2. Njo ilinichoma roho. Tuliupa kichwa hiki: « Modalités de la rupture unilatérale du contrat à durée indéterminée ». Nani mu kite anaandika hivyo mu telefone saa sita za usiku? Hata mimi niliyeiandika singeitafuta hivyo.

Wenye kujua kazi hii wanasema kuna « maneno ya ufunguo »: yale maneno mtu mwenye shida anaandika mu mashine ya kutafutia. Kama hayako mu ukurasa wako, mashine inapata taabu kujua kama unasema shida yake. Kijana wetu mmoja wa informatiki akatoa shauri: tuandike « préavis » mara 100, kwa rangi nyeupe juu ya karatasi nyeupe. Msomaji haoni, mashine inaona.

Nikacheka. Hii mchezo siye watu wa mine tunaijua. Unajaza gunia udongo, juu unapanga malakiti yenye kungaa. Mnunuzi wa kwanza anaangalia juu tu, analipa. Wa pili anamwaga gunia chini. Leo wanaleta mashine ya kupima tenere.

Google ilipita njia ile ile. Mashine za zamani zilihesabu sana maneno, na watu wakayajaza. Larry Page na Sergey Brin, wanafunzi wa Stanford kule Marekani, walipoanzisha Google mwaka 1998, walikuwa na kipimo kingine: kurasa ngapi zingine zinakuonyesha kidole, na hizo zenyewe zina uzito gani. Mu Februari 2006 waliondoa kurasa za BMW ya Ujerumani mu majibu yao, juu zilijazwa maneno ya kudanganya mashine, mpaka BMW iliposafisha. Mwaka 2011 wakaleta kipimo walichokiita Panda, cha kushusha maandiko mengi yasiyo na kitu ndani. Wenyewe walisema kiligusa karibu 12% ya maswali ya watu kule Marekani. Tangu 2019 mashine yao inajaribu kusoma sentensi yote, hata vile vineno vidogo vya katikati.

Sasa mutaniuliza: kama ni hivyo, juu ya nini ule ukurasa wa bure ulimfikia ndugu yetu? Kwa maoni yangu ni kosa letu. Mashine inapanga kile kilichoandikwa. Juu ya kazi ya RDC, watu wenye kujua wanaandika kidogo, tena mu lugha ya tribinali. Mahali hakuna mawe mazuri, udongo unauzwa.

Tuliandika upya. Kichwa: « Préavis en RDC : combien de jours si la mine me renvoie ? » Chini yake kwa Kiswahili: « Wamenifukuza kazi, wanapashwa kunilipa siku ngapi? » Tulitia « RDC », si « Congo » peke yake, juu Brazzaville nayo ni Congo na ina sheria yake. Jibu liko mu sentensi ya kwanza. Kisha mifano: miaka 3, siku 35, miaka 10, siku 84. Namba ya artikle iko, mtu aweze kuionyesha ku biro ya wafanyakazi. Neno « préavis » linakuja pale linahitajika tu. Sekretere wetu alinung'unika kwamba hii si Kifaransa cha sheria. Ni kweli, si yenyewe.

Na ninyi mukitafuta, andikeni « RDC » na « Code du travail ». Jibu lenye neno « Sponsorisé », mwenyewe alilipa apate ile nafasi.

Dosie ya dereva iko kwa enspekta wa kazi, tunangojea.

Juma lililopita mama mmoja wa Likasi alituita ku telefone. Barua ya bwana yake ilifika asubui ile ile, miaka 11 ya kazi. Aliandika mu Google: « bwana yangu wamemufukuza ku mine préavis siku ngapi », akatuona. Alitaka tu kujua kama alihesabu muzuri: 14, na 77.

« Ni 91, baba? »

Nikamwambia ni 91, na bwana asisaini kitu leo.