Kukagua diski za kompyuta pepe pale umeme unapokatika: mfano wa Kolwezi

Mji wa Kolwezi, ambao tangu mwaka 2015 ndio makao makuu ya jimbo la Lualaba, uko jirani na vyanzo vya umeme ambavyo miji mingi ya Kongo haina: mabwawa ya Nzilo na Nseke, yaliyojengwa kwenye mto Lualaba katika miaka ya 1950, pamoja na njia ya umeme itokayo Inga, yenye urefu wa takriban kilometa 1,700, iliyoanza kazi mwaka 1982. Hata hivyo, mahitaji ya migodi ya shaba na kobalti yameuzidi uwezo wa vyanzo hivyo, kiasi kwamba kampuni za madini huagiza umeme kutoka Zambia na kuendesha jenereta za dizeli, ilhali mitaa ya watu na ofisi ndogo hukatiwa umeme mara kwa mara. Kwa fundi anayetunza seva katika mazingira hayo, swali la kwanza umeme unaporudi si namna ya kuiwasha seva upya, bali ni kama data zilizokuwa zikiandikwa wakati wa giza kuingia bado ni nzima.

Siku hizi seva moja ya chuma huendesha kompyuta kadhaa kwa pamoja, kila moja ikijiona kuwa mashine kamili yenye kumbukumbu na diski yake. Hizo ndizo kompyuta pepe, na diski ya kila moja kwa kweli ni faili moja kubwa lililohifadhiwa ndani ya seva mwenyeji. Programu za kuyashughulikia mafaili hayo ni nyingi, lakini iliyoenea zaidi katika mfumo wa Linux ni qemu-img, sehemu ya mradi wa QEMU ulioanzishwa na Fabrice Bellard mwaka 2003. Programu hii haina madirisha wala vitufe: mtumiaji huandika amri kwenye mstari, naye hujibiwa kwa maandishi, jambo linalomfaa sana fundi anayeifikia seva kutoka mbali kwa intaneti dhaifu.

Amri ya kwanza inayopaswa kujulikana ni qemu-img info, ambayo hutaja muundo wa faili, ukubwa ambao kompyuta pepe inadhani inao, na nafasi inayotumika kweli kwenye diski ya mwenyeji. Vipimo hivyo viwili hutofautiana kwa sababu faili linaweza kutangaziwa gigabaiti 100 huku likiwa limeshika 12 tu, nafasi nyingine ikitolewa kadiri data zinavyoandikwa. Asiyesoma vipimo vyote viwili huweza kuweka diski tano za gigabaiti 100 kwenye seva yenye gigabaiti 300, na kila kitu kikaenda sawa hadi siku ambayo nafasi ya mwenyeji inakwisha na kompyuta pepe zikasimama katikati ya kazi.

Athari ya kukatika kwa umeme hutegemea muundo wa faili. Muundo ghafi hauna ramani yoyote ya ndani, hivyo hakuna cha kukagua isipokuwa mfumo wa mafaili uliomo. Muundo wa qcow2, ambao ndio wa kawaida katika QEMU, huigawa diski katika vipande viitwavyo klasta, kila kimoja kikiwa na kilobaiti 64 isipochaguliwa vingine, kisha huweka majedwali ya aina mbili: moja huonyesha kila sehemu ya diski pepe imehifadhiwa kwenye klasta ipi, na jingine huhesabu kila klasta inarejelewa mara ngapi. Utaratibu huu ni kama daftari la mtunza ghala, ambalo lazima lilingane na mali iliyomo ghalani. Waliobuni muundo huu waliupanga uandishi kwa hadhari kubwa: klasta mpya huhesabiwa kwanza kuwa imeshikwa, ndipo huingizwa kwenye ramani, ili umeme ukikatika kati ya hatua hizo mbili ibaki klasta iliyohesabiwa ambayo hairejelewi na yeyote. Hali hiyo huitwa uvujaji, nayo hupoteza nafasi bila kudhuru data. Hatari ya kweli huwa kinyume chake, yaani klasta inayorejelewa na ramani ilhali hesabu inasema ni tupu, kwa kuwa baadaye inaweza kugawiwa data nyingine na kuifuta ile ya mwanzo.

Tofauti hiyo hugunduliwa na amri ya qemu-img check, ambayo hurudisha namba 0 faili likiwa zima, 3 kukiwa na uvujaji tu, na 2 kukiwa na uharibifu. Bila nyongeza yoyote, amri hii husoma tu, haiandiki. Nyongeza ya -r leaks hurudisha nafasi iliyovuja, na inaweza kutumiwa bila wasiwasi mkubwa, lakini -r all hujaribu kurekebisha kila kosa na huweza kuficha ushahidi wa data iliyopotea, hivyo haifai kuendeshwa kabla faili halijanakiliwa kwanza. Ukarabati wa aina yoyote haufanywi kompyuta pepe ikiwa imewashwa. Tangu toleo la 2.10 la mwaka 2017, QEMU hulifunga faili linalotumika, na fundi hana sababu ya kutafuta njia ya kulikwepa kufuli hilo.

Ramani ikiwa nzima, bado haijathibitika kwamba mafaili yaliyo ndani ya diski pepe ni mazima. Hapo ndipo zinapofaa zana za libguestfs, mradi ulioanzishwa mwaka 2009 na Richard W.M. Jones wa Red Hat: virt-filesystems huorodhesha partisheni, virt-df huonyesha nafasi iliyobaki katika kila moja, na guestfish, ikipewa nyongeza ya --ro, humwezesha fundi kuingia ndani na kusoma mafaili bila kuiwasha kompyuta pepe na bila kubadilisha chochote. Kwa mhasibu anayesubiri hesabu za mwezi, daftari linaweza kutolewa humo hata kama mfumo wenyewe umekataa kuwaka.

Jambo jingine la eneo hili ni usafirishaji. Diski ya gigabaiti kadhaa iliyotayarishwa Lubumbashi mara nyingi hufika Kolwezi haraka zaidi ikibebwa kwenye diski ya nje kwa barabara ya Likasi, yapata kilometa 300, kuliko ikipitishwa kwenye intaneti. Diski nyingi za nje, hata hivyo, zimepangwa kwa FAT32, ambayo haipokei faili linalofika gigabaiti 4, au kwa exFAT, ambayo haitambui mapengo na hivyo hulifanya faili ghafi lenye data kidogo lijaze ukubwa wake wote. Amri ya qemu-img convert, ikiwa na nyongeza za -O qcow2 na -c, huhamisha data zilizopo tu na kuzibana. Faili likiwa limejengwa juu ya faili jingine la msingi, ni lazima qemu-img info --backing-chain iendeshwe kabla ya safari, kwa sababu faili la juu hubeba njia ya lile la msingi, si data zake, na likifika peke yake halitawaka.

Kabla diski haijaondoka Lubumbashi, qemu-img compare ilinganishe yaliyomo katika faili la awali na lile lililobanwa, kisha alama ya sha256sum ya faili linalosafiri iandikwe kwenye karatasi. Huko Kolwezi alama hiyo ihesabiwe upya, na faili la awali lisifutwe mpaka alama hizo mbili zilingane.