Vihatarishi vya Kubanduka Mapema kwa Kondo la Nyuma katika Uzazi wa Kabla ya Wakati: Suala la Kundi la Ulinganisho, kwa Kurejelea Kariakoo, Dar es Salaam

Kubanduka mapema kwa kondo la nyuma ni hali ambayo kondo hutengana na ukuta wa mji wa mimba kabla mtoto hajazaliwa. Damu inayovujia nyuma ya kondo huchochea misuli ya mji wa mimba kujikaza. Hivyo uchungu huweza kuanza kabla ya wiki 37. Wakati mwingine madaktari hulazimika kumzalisha mama mapema ili kuokoa maisha.

Vihatarishi vinavyotambuliwa ni pamoja na shinikizo la juu la damu, kifafa cha mimba na dalili zake za awali, kubanduka kwa kondo katika mimba iliyotangulia, chupa ya uzazi kupasuka mapema, mimba ya mapacha, uvutaji wa sigara na kuumia tumboni. Utafiti uliotumia rejista ya vizazi ya Hospitali ya KCMC, Moshi, uliochapishwa mwaka 2015, ulithibitisha nafasi ya shinikizo la damu.

Hata hivyo, mtafiti anayechunguza watoto njiti pekee hukabiliwa na tatizo la mbinu. Shinikizo la damu husababisha uzazi wa mapema hata pasipo kondo kubanduka. Kwa hiyo kundi la ulinganisho nalo huwa na wanawake wengi wenye shinikizo hilo, na tofauti baina ya makundi hupungua. Kihatarishi chenye nguvu huonekana dhaifu. Ulinganisho unaofaa zaidi ni ule wa mimba zote zilizofikia umri uleule, zikiwemo zilizoendelea hadi kutimia.

Suala hili si la kinadharia tu. Mjamzito anayefanya biashara Kariakoo yu karibu na Hospitali ya Mnazi Mmoja, na Muhimbili haiko mbali. Lakini ukaribu huo humfaa iwapo hatari imetambuliwa mapema. Damu huweza kujificha nyuma ya kondo, tumbo likawa gumu na lenye maumivu makali, ilhali inayotoka nje ni kidogo. Kupima shinikizo la damu na protini katika mkojo kila hudhurio la kliniki ni hatua rahisi. Tasnifu inayodunisha kihatarishi hicho kutokana na uteuzi wa kundi lisilofaa hudhoofisha hoja ya kipimo ambacho kingeweza kumwahi mama huyo.